Rangi za Askari Wadogo

Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen alifungua karakana ya askari wa bati mjini Nuremberg, Ujerumani. Kazi yenyewe haikuwa ngeni mjini hapo. Familia ya Hilpert ilikuwa imeifanya tangu karne ya 18. Askari hao walikuwa bapa na wembamba, wamemiminwa katika kalibu za jiwe la sleti lililochongwa kwa mkono, na kuanzia 1848 Heinrichsen aliwapa kimo kimoja cha sentimita tatu hivi, ili jeshi la mwaka huu liweze kusimama pamoja na la mwaka jana. Waliuzwa kwa uzito, wamepangwa ndani ya visanduku vya mbao nyembamba. Kuwamimina hakukuwa na taabu kubwa. Kibarua kilikuwa kuwapaka rangi.

Kibarua hicho hakikufanywa karakanani. Kilipelekwa majumbani, kwa wanawake na watoto wa familia maskini, na malipo yalihesabiwa kwa idadi. Ukilipwa kwa idadi huwezi kumpamba askari mmoja mmoja. Unawapanga mstari, unashika nyekundu, unapaka makoti yote. Kisha bluu, suruali zote. Kisha nyeupe, mikanda yote. Rangi inayochelewa kukauka inakula ujira, na rangi inayotaka kurudiwa mara mbili inaula zaidi. Nimekuwa nikiifuata historia ya rangi za vijisanamu kutoka mji hadi mji, kupitia vitabu na vikopo vikuukuu, na karibu kila nilipofika nimekuta watu wakihangaika na hesabu ileile ya mafukara wa Nuremberg: askari mia moja watapataje rangi kabla ya jua kuzama?

Rangi yoyote, hata ya ukutani, ina mambo matatu: unga unaoleta rangi, gundi inayoushika unga huo, na kimiminika kinachovibeba vyote viwili kisha kikaondoka. Katika karne ya 19 unga huo ulikuwa mzuri mno kwa macho na mbaya mno kwa mwili. Nyeupe ilitokana na risasi. Nyekundu kali ya vermilioni ilikuwa na zebaki. Njano ya kromu ilikuwa na risasi tena. Kijani cha zumaridi kilichotoka Schweinfurt mwaka 1814 kilikuwa na aseniki. Bluu ya Prussia, iliyopatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ndiyo pekee kati ya hizo ambayo mzazi wa leo asingemnyang'anya mtoto kwa hofu. Hata hivyo, kwa mpakaji, sumu hizo zilikuwa na fadhila moja kubwa: zilifunika. Njano ya kromu ukiipitisha mara moja, kilicho chini hakionekani tena. Fadhila hiyo tutakuja kuililia huko mbele.

Kutoka Nuremberg njia inaelekea London. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ilianza kuuza askari wa aina nyingine: si bapa, ni wa mviringo kamili, na ndani wako wazi. Risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu, ikaachwa igande kwenye kuta tu, kisha iliyobaki ikamwagwa. Madini yakapungua, bei ikashuka, na soko la Uingereza likaanza kuwaponyoka Wajerumani. Kimo kilikuwa milimita 54, ili askari walingane na treni za kuchezea za wakati huo. Waliopaka walikuwa wanawake, kiwandani na majumbani, na rangi ilikuwa ya mafuta yenye kung'aa. Kati ya vita kuu mbili orodha ya kampuni hiyo ilikuwa na hata askari wa Keya, yaani King's African Rifles, kikosi ambacho baadhi ya wanaosoma ukurasa huu wana babu zao ndani yake.

Mng'ao ule haukuwa kosa la mtu. H. G. Wells, aliyechapisha mwaka 1913 kitabu chake Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari hao sakafuni, alikuwa akiwaangusha kwa mizinga midogo ya springi iliyorusha vijiti vya mbao. Askari wa maisha hayo anahitaji ngozi ngumu. Rangi ya mafuta yenye kung'aa huvumilia kuangushwa, kushikwa na vidole vyenye jamu na kufutwa kwa kitambaa kibichi. Ilikuwa rangi ya mchezo, na kwa kazi hiyo sijaona iliyoishinda.

Shida ilianza pale watu wazima walipotaka kijisanamu kifanane na mtu. Mwanga wa dirisha ukigonga bega linalong'aa la askari wa milimita 54, alama yake inakuwa kubwa karibu sawa na kichwa cha askari mwenyewe. Hakuna koti la sufi linalong'aa hivyo. Kwa hiyo wakaitaka rangi kavu, isiyorudisha mwanga. Siri ya rangi kavu ni unga mwingine usio na rangi, kama talki au silika, unaochanganywa ndani ili uso ukikauka uwe na mikwaruzo midogo isiyoonekana, na mwanga unaoupiga utawanyike badala ya kurudi ulikotoka.

Waingereza wengi walizipata rangi hizo kutoka Hull, bandari ya mashariki ya nchi yao. Huko, mwaka 1919, ilianzishwa kampuni ya Humber Oil, na jina lake la kibiashara, Humbrol, ndilo lililokuja kubandikwa kwenye vikopo vya mililita 14, vyenye upana wa kizibo cha soda. Miaka ya 1950, vifurushi vya ndege za plastiki za Airfix vilipoanza kuuzwa kwa bei ya mtoto wa shule, vikopo hivyo vilienea pamoja navyo.

Kikopo cha Humbrol kina desturi zake. Unakifungua kwa bisibisi au mpini wa kijiko. Juu unakuta mafuta meupe meupe yanayopitisha mwanga, na chini kabisa tope zito lililolala. Lazima ukoroge, kwa njiti ya kiberiti au kipande cha waya, na ukoroge kweli, mpaka mkono uchoke. Ukikoroga nusunusu, ule unga wa kuzuia mng'ao unabaki chini, na rangi iliyoandikwa kavu inakauka huku inameremeta kama imepakwa samli. Ukikisahau wazi, kesho unakuta ngozi imetanda juu, na ukiitoboa vipande vyake vinaingia kwenye brashi. Fundi yeyote wa rangi wa Kariakoo au River Road angejisikia nyumbani: ni rangi ya mafuta ileile, tapentaini ileile, harufu ileile inayokaa kwenye pazia kwa siku tatu. Hukauka kwa hatua mbili. Kwanza tapentaini hupaa, kisha gundi yenyewe huvuta hewa ya oksijeni na kujifunga polepole. Kugusa, subiri saa kadhaa. Kupiga mkono wa pili, subiri kesho.

Na kulikuwa na askari waliokataa rangi kabisa. Mwaka 1959 Airfix walianza kuuza vijisanamu vya sentimita mbili na ushei vya plastiki laini, polithini, makumi kwenye boksi moja dogo. Kwa bei ile mtoto aliweza kuwa jemadari wa Waterloo bila kumfilisi baba yake. Lakini polithini ni plastiki isiyoshikika: uso wake hauna kitu cha kung'ang'aniwa, na juu ya hilo inapinda. Unapaka bunduki usiku, asubuhi unaigusa, inapinda, rangi inabanduka kama ganda. Watu waliwaosha kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, wakawapaka gundi nyeupe ya mbao iwe prima, yaani tabaka la chini la kushikia rangi, wakawavika tabaka la vanishi juu. Yote yalisaidia kidogo. Naamini mateso ya polithini yaliwafundisha watu kuliheshimu tabaka la chini kuliko kitabu chochote.

Wakati huohuo kundi jingine halikuwa na haraka hata chembe. Historex ya Ufaransa ilikuwa ikitoa tangu miaka ya 1960 vijisanamu vya plastiki ngumu vya enzi ya Napoleon, vyenye vifungo, hatamu na manyoya ya kofia katika vipande tofauti, na walionunua walikuwa watu wa kumaliza askari mmoja kwa wiki kadhaa. Hao walipaka kwanza tabaka la Humbrol kavu, kisha juu yake wakatumia rangi za mafuta za wachoraji, zile za kwenye tyubu ambayo Mmarekani John Goffe Rand aliibuni mwaka 1841. Rangi ya tyubu hukaa mbichi kwa siku nyingi, na hapo ndipo utamu wake: unaweka kivuli chini ya shavu na mwanga juu yake, kisha kwa brashi kavu unaisugua mipaka mpaka usione moja inaishia wapi. Shepard Paine wa Chicago, aliyekuwa bingwa wa tasnia hii Marekani, alijenga jina lake kwa mafuta hayo. Nikitazama picha za kazi zake za miaka ya 1970 nashindwa kukubali moja kwa moja kwamba rangi zimeboreka tangu hapo. Ukimtaka askari mmoja, jawabu lilishapatikana. Ukiwataka mia, bado.

Jawabu la mia lilitoka kwenye maabara. Otto Röhm aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu kemia ya akriliki huko Tübingen mwaka 1901, na kampuni aliyoanzisha na Otto Haas ikaja kuleta plastiki ya Plexiglas mwaka 1933. Kampuni dada ya Marekani, Rohm and Haas ya Philadelphia, ilitoa mwaka 1953 gundi ya akriliki iliyoelea ndani ya maji, kwa ajili ya rangi za nyumba. Miaka miwili baadaye, Cincinnati, Henry Levison akaifanya rangi ya wachoraji iliyoitwa Liquitex. Ile tunayoiita rangi ya maji, inayopakwa kwenye kuta za vyumba vyetu, na ile iliyo kwenye meza ya mpakaji wa vijisanamu, ni watoto wa ukoo mmoja.

Inavyofanya kazi ni hivi. Gundi imekatwakatwa kuwa vipunje vidogo mno vinavyoelea majini bila kuyeyuka. Maji yakipaa, vipunje vinasongamana, vinabanana, vinaungana kuwa utando mmoja. Utando huo ukishajifunga, maji hayaufungui tena. Brashi unaosha bombani, lakini askari aliyekauka unaweza kumpaka juu bila kuichafua rangi ya chini, na kukauka kwenyewe ni suala la dakika. Harufu hakuna ya maana. Mama hafukuzi mtu chumbani. Kilichopotea ni muda wa kuchanganya: shavu la Paine haliwezekani, kwa sababu kabla hujabadilisha brashi kivuli kimeshaganda. Badala yake ikazaliwa mbinu ya tabaka juu ya tabaka, kila moja nyepesi kuliko iliyotangulia na ikifunika eneo dogo zaidi.

Rangi za maji zilijaribiwa kwenye vijisanamu kabla akriliki haijashika soko. Pelikan wa Ujerumani walikuwa na Plaka, yenye gundi itokanayo na maziwa, na Marekani kulikuwa na Polly S. Ila mji uliosukuma mambo ni Nottingham. Kampuni ya Citadel ilianza mwaka 1979 huko Newark, jirani na Nottingham, ikimimina mazimwi na mashujaa wa michezo ya kubuni, na mchezo wa Warhammer ukatoka mwaka 1983. Katikati ya muongo huo kampuni ikaanza kuuza rangi zake za akriliki, zikitengenezwa na kiwanda cha HMG cha Manchester. Walipoachana, HMG iliendelea na michanganyiko yake, nayo ikauzwa kwa jina la Coat d'Arms. Wapo wazee wa mchezo wanaoapa hadi leo kwamba hizo ndizo za kweli. Mashindano ya upakaji ya Golden Demon yalianza 1987, na tangu hapo mtoto aliyetoka dukani na askari mkononi alijua pia kiwango anachotakiwa kukifikia.

Sasa tuililie njano. Sheria zilikuwa zimeanza kuiondoa risasi: Marekani iliwekea rangi za matumizi ya nyumbani kikomo cha sehemu 600 kwa milioni mwaka 1978, na kuanzia 2009 ikakishusha hadi 90. Ndivyo ilivyopasa kuwa. Lakini njano za kikaboni zilizochukua nafasi ya kromu ni za aina nyingine. Kufunika kunatokana na jinsi chembe zinavyoupinda mwanga zaidi kuliko gundi inayozizunguka. Njano ya kromu huupinda sana. Njano za kikaboni huupinda kidogo tu zaidi ya gundi, hivyo mwanga unapenya hadi chini na kurudi na habari za chini. Paka njano ya miaka ya 1990 juu ya prima nyeusi, upate kijani cha homa. Mkono wa pili, ugonjwa. Mkono wa tano, labda. Nyekundu nayo haikuwa mbali. Majeshi mengi ya njano ya miaka ile yaliishia kwenye askari wa tatu.

Mwaka 2007 Citadel walitoa rangi walizoziita za msingi, zilizojazwa chembe nyingi kupita kawaida, na njano yao nzito kidogo, ya haradali, ilifunika nyeusi kwa mkono mmoja au miwili. Haikuwa njano nzuri. Ilikuwa njano ya kusimamia, halafu juu yake unapitisha ile nzuri. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa isiyopewa heshima yake, maana haikuonekana: ilifunikwa na rangi nyingine.

Vallejo walipita njia ya kando. Kampuni ilianzishwa New Jersey mwaka 1965, ikitengeneza rangi za maji za filamu za katuni, kisha ikahamia Hispania mwaka 1969. Rangi ya katuni lazima ikauke sawasawa, ising'ae mbele ya kamera na isiache alama ya brashi, na hizo ndizo sifa ambazo mpakaji wa vijisanamu anazitafuta. Mchango wao mwingine ulikuwa chupa ya mililita 17 yenye mdomo wa kudondosha. Kikopo cha kufunua kinaingiza hewa kila unapochovya, na rangi ya ukingoni inaganda hadi mfuniko haufungi. Chupa ya matone inatoa unachotaka na kubaki na zilizobaki. Zaidi ya hapo, inakuruhusu kuhesabu: matone mawili ya kahawia kwa moja la kijivu, na mwezi ujao utaupata mchanganyiko uleule kwa kikosi cha pili. Vikopo vya mfuniko bado vinauzwa, na bado vinakauka, na bado watu wananung'unika.

Kuanzia hapo ustadi ukaanza kuhamia kwenye chupa. Foundry ya Uingereza iliuza kila rangi kwa tatu tatu: kivuli, kati, mwanga. Huhitaji tena kujua kuchanganya. Kazi hiyo imeshafanywa. Wengine walipaka rangi bapa, wakamchovya askari mzima kwenye vanishi ya kahawia ya mbao, wakamkung'uta. Vanishi ilijikusanya kwenye mikunjo na kuacha vilele. Army Painter, kampuni ya Denmark iliyoanza mwaka 2007, iliifanya mbinu hiyo kuwa bidhaa. Ni njia ya kikatili, lakini jeshi zima linaisha siku mbili, na kwa umbali wa meza nani atajua? Citadel nao wakawa na maji ya kivuli, na moja, Devlan Mud, kahawia iliyokosa adabu kabisa, ikapata sifa ya kuficha kila kosa. Wapakaji waliitania kuwa ni kipaji cha kwenye chupa. Mwaka 2012 orodha nzima ilipobadilishwa, wengine walinunua chupa zilizobaki madukani kama watu wanaosikia sukari itaadimika.

Kisha mwaka 2019 ikaja Contrast ya Citadel. Unampulizia askari prima ya rangi ya mfupa au kijivu hafifu. Unachovya brashi hadi ishibe, unaipaka kwenye joho, mara moja, bila kurudi nyuma. Kwa sekunde chache joho linakuwa na rangi moja tu. Kisha kimiminika kinaanza kutiririka. Kinaachia ukingo wa kila mkunjo, kinashuka bondeni, na chembe zinakwenda nacho. Kileleni inabaki filamu nyembamba inayoruhusu prima kuangaza, na bondeni tabaka zito. Kilichokuwa kivuli, msingi na mwanga kimetoka kwenye mkono mmoja. Wachoraji wa Ulaya wa karne za nyuma walijenga picha kwanza kwa kijivu, kisha wakaipitishia rangi inayopenywa na mwanga, na hivyo ndivyo wanavyofanya leo wale wanaosugua kijivu na nyeupe juu ya prima nyeusi kabla ya kupaka Contrast. Ubaya wake unaonekana penye eneo kubwa lililo tambarare. Kwenye ngao au ubavu wa kifaru rangi haina bonde la kukimbilia, inatuama madoamadoa.

Army Painter walijibu mwaka 2022 kwa Speedpaint, ambayo ilitiririka vizuri lakini ikawa na tabia ambayo akriliki ilisifiwa kwa kutokuwa nayo: ilifunguka tena ikiguswa na unyevu. Ukipaka mkanda mweupe juu ya koti jekundu, unapata mkanda wa waridi. Toleo la pili lilitoka mwaka 2023 na gundi nyingine, na tabia hiyo ikaisha.

Kilichobaki ni nyeupe. Chembe za titani zilizochukua nafasi ya risasi karne iliyopita hufunika kuliko unga mwingine wowote mweupe, lakini zikisongamana kwenye maji kidogo huacha uso wa chokaa, na zikitiwa maji mengi hukimbia. Rangi za haraka nazo haziwezi kuisaidia. Zinatia giza bondeni na kuacha kileleni palivyo, basi ile ya Contrast inayoitwa nyeupe kwa kweli ni kijivu hafifu, na weupe wote unatoka kwenye prima. Anayetaka koti jeupe hasa bado anaanza na kijivu, anapunguza rangi kwa maji, na anapiga mikono minne au mitano, akisubiri kila mmoja ukauke.